Turubai liko stoo, wafiwa wananyeshewa, na ufunguo ninao mimi

Shangazi shikamoo,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nakuomba jina langu usilitoe maana huku kwetu Mbagala hata mbuzi wana simu.

Nina miaka 41, watoto wanne, nauza maandazi na uji asubuhi. Mwaka 2016 tulianzisha kikundi cha kufa na kuzikana, kina mama 34 wa mtaa mmoja, kila mwezi elfu tano, ukifiwa unapewa, ukiozesha unapewa, ukijifungua unapewa. Tukakua Shangazi, tukanunua maturubai mawili, viti vya plastiki mia moja, masufuria yale makubwa ya shughuli, majiko, madiaba ya maji, mpaka watu wa mitaa mingine wakawa wanakuja kukodi kwetu na hela inaingia.

Mwisho wa mwaka 2023 mwenyekiti wetu akaozesha binti yake. Ikapangwa sare, kitenge pamoja na kushona inafika elfu sitini, na wengine hawakuwa nayo, si kwamba hawakutaka. Siku ya shughuli waliokosa sare wakakalishwa nyuma kule karibu na majiko moshi unawaingia machoni, sahani zikawafikia mwisho, wali na mchuzi tu, nyama imeisha. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Nilimuona kwa macho yangu kala vijiko viwili, akasukuma sahani chini ya kiti, akajifunga kanga yake akaondoka. Mi nilikuwa meza ya mbele nimevaa sare.

Haujaisha mwezi watu 15 wakajitoa wakafanya kikundi chao. Kwa kuwa wengi wao wanakaa kule chini tukaanza kuwaita Bondeni, na wao wakatuita wa Juu, na sasa hivi kuna mama anakaa jirani yangu kabisa huku juu lakini ni Bondeni, yaani jina limeshahama kutoka kwenye mahali limeingia kwenye mtu. Maturubai na viti vilikuwa vinatunzwa kwenye chumba changu cha stoo, vikabaki kwetu. Masufuria na majiko yalikuwa kwa dada, yakabaki kwao. Kwa hiyo sisi tukiwa na shughuli tunakodi masufuria mtaa wa pili, wao wanakodi turubai, na vya kwetu wote vimekaa. Turubai moja panya wameshalitoboa. Mtu akisema basi tukodishane anaambiwa bora lioze.

Vijembe ndo usiseme. Mwenyekiti wetu kapita mbele ya genge lao na kanga ya Hasidi Hana Sababu, kesho yake wanne wa Bondeni wamepita kwetu wamepiga doti moja wote, Mdhaniye Ndiye Siye. Status za WhatsApp ni vita. Na kuna mama mmoja ana marafiki pande zote mbili, yeye kazi yake kubeba skrinishoti za grupu hili kupeleka lile.

Sasa kilichonifanya niandike. Aprili, katikati ya masika, alifariki mama mzazi wa mwanamke mmoja wa Bondeni, bibi wa Kizaramo ambaye alitukanda karibu sisi wote tulipojifungua, mi mwenyewe kanikanda uzazi wa kwanza na wa pili. Msiba uko nyumba ya nne kutoka kwangu. Mvua imeanza saa moja asubuhi. Akaja kijana kagonga, mama, tunaomba turubai hata moja. Kwenye grupu mwenyekiti alikuwa ameshaandika usiku, mtu asitoe kitu. Nikamwambia yule kijana ufunguo anao mwenyekiti. Shangazi, ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga niliyovaa.

Nikaenda msibani hivo hivo. Watu wamejibana upenuni, wengine wamejifunika majamvi, maji yanapita katikati ya uwanja. Akatokea mama mmoja wa Kinyamwezi muuza chapati, hayupo kwetu wala kwao, na kwa Wazaramo yeye ni mtani. Akaja akajilaza katikati ya uwanja kwenye tope akasema mimi ndo turubai jamani, nikodini, bei maelewano, mmenilowanishia maiti wangu. Watu walicheka, Juu na Bondeni, kwa pamoja, nilimuona na dada yangu anacheka akaniangalia halafu akakumbuka akanuna.

Tangu siku ile kina mama watatu wa kwetu wamenifuata kwa nyakati tofauti, kila mmoja kivyake, wananiambia kwa kunong'ona ile ya turubai haikuwa sawa. Kwenye kikao wote kimya.

Desemba naozesha binti yangu. Nimefikiria nipike pilau la nguvu niwaite wote nyumbani tule tuyamalize. Mume wangu anasema niachane nayo, ugomvi wa wanawake unaisha wenyewe. Nifanyeje? Na lingine ndo linaninyima usingizi: mi sina roho mbaya, nampenda dada yangu, yule bibi kanikanda kwa mikono yake. Kwa nini nilisema uongo?

Msomaji wako, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole na msiba, maana na wewe ulikuwa wako.

Ntaanza na hilo swali la mwisho kwa sababu ndo barua yenyewe, haya mengine ya sare na kanga ni matawi. Umeniandikia barua ndefu ya ugomvi wa vikundi viwili, lakini nikiisoma tena natafuta mahali ulipowachukia Bondeni, sipaoni. Hamna hata sentensi moja. Ninachokiona ni woga, na hauwaogopi wao, unawaogopa wa kwenu. Yule kijana alipogonga hukumfikiria dada yako wala marehemu, ulifikiria simu, kwamba jioni mtu ataandika kwenye grupu "nani katoa turubai" na wewe utajibu nini. Ndo ilivyo kwenye ugomvi mwingi wa makundi, mtu anafanya ubaya kwa wale ili asionekane msaliti kwa hawa, na upande wa pili wanafanya hivo hivo, halafu kila upande unaona chuki mahali ambapo pana watu wanaogopa.

Kuna msomi wa saikolojia, yaani elimu ya tabia za watu, aliyepima hili jambo vizuri, Solomon Asch, Marekani, kwenye miaka ya 1950. Alikuwa anawaweka watu chumbani anawaonyesha mistari, mmoja pembeni na mitatu upande wa pili, anauliza upi kati ya mitatu una urefu sawa na ule mmoja. Mtoto wa darasa la pili anapata. Sasa ujanja wake ni kwamba chumba kizima wamepangwa isipokuwa mmoja, na waliopangwa wanataja jibu la uongo kwa sauti mmoja baada ya mwingine mpaka zamu inamfikia yule asiyejua kitu. Karibu theluthi ya majibu ya hao wasiojua yaliwafuata wenzao kwenye uongo, mstari wanauona kwa macho! Na hapo hawajuani, hawana grupu, hawanunuliani sare, hawatazikana. Wewe wenzako ndo watakaobeba jeneza lako. Kwa hiyo usijiite roho mbaya, ila usijipe na msamaha wa haraka, uongo ni uongo na kuna watu walilowa.

Lakini Asch aliona na kitu kingine, hiki kikamate. Akiweka chumbani mtu mmoja tu, mmoja, anayesema kweli kabla, yule asiyejua anapata nguvu, na kufuata uongo kunashuka mpaka kama robo ya kule mwanzo. Hakuhitaji watu kumi. Sasa wewe unao watatu! Wamekuja kivyao kivyao, kila mmoja anadhani yuko peke yake, na kwenye kikao wanakaa kimya wanaangaliana, kila mmoja anasoma ukimya wa mwenzake kama kukubali. Mko wanne mnaofikiri sawa katika watu 19 na hamjuani. Hiyo ndo kazi yako ya kwanza na haihusiani na Bondeni kabisa: wakusanye hao watatu, hapo hapo kwenye maandazi yako asubuhi, wajuane.

Nakuja kwenye pilau. Usipike.

Najua umeshalipigia hesabu mpaka viungo, lakini nisikilize. Mwaka 1954 Mturuki mmoja anaitwa Muzafer Sherif, naye msomi wa saikolojia aliyekuwa anafanya kazi Marekani, alitaka kuona ugomvi wa makundi unavyoanza na unavyoisha, akachukua watoto wa kiume 22 wa miaka kama 11, watoto wa kawaida tu, hawajuani, akawapeleka kambini kwenye hifadhi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Makundi mawili, wiki ya kwanza kila kundi halikuwa linajua kama kuna lingine. Wakajipa majina wenyewe, hawa Eagles, yaani tai, wale Rattlers, wale nyoka wanaotikisa mkia. Halafu wakakutanishwa kwenye mashindano, zawadi visu vizuri, mshindi mmoja. Siku chache tu wamechomeana bendera, wamevamiana mabwenini usiku, matusi ya kila rangi. Watoto wa dini moja, rangi moja, mji mmoja.

Sherif akajaribu kuwapatanisha kwanza kwa njia hiyo hiyo unayoitaka wewe, wakae pamoja, wale pamoja, waangalie filamu pamoja. Unajua kilichotokea mezani? Walirushiana chakula. Yaani kuwaweka watu karibu bila shughuli ya kufanya ni kuwapa nafasi ya kulengana vizuri. Sasa fikiria pilau lako, Juu wamekaa huku, Bondeni kule, nani kapewa paja, nani kapewa shingo, na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye nyama ya sahani! Mwanangu, unataka kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Kilichofanya kazi kule ni shida. Maji ya kambi yakakatika, wakubwa walikuwa wameziba bomba la kwenye tangi kwa gunia, watoto wote wakapanda huko juu na kiu yao wakahangaika pamoja mpaka maji yakatoka. Na pale Eagles walikuwa hawana vibuyu vya maji, Rattlers wakawaacha wanywe kwanza. Mi kila nikifika hapo huwa natulia kidogo. Siku nyingine lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakaenda kuchukua kamba, ile ile waliyokuwa wanavutania kwenye mashindano, wakaifunga kwenye lori wakavuta wote upande mmoja. Na usidhani ilikuwa mara moja, baada ya maji matusi yalirudi, ikabidi ije shida nyingine na nyingine. Siku ya kuondoka ndo wakataka wapande basi moja, na njiani Rattlers walikuwa na dola tano walizoshinda wakanunulia wote vinywaji.

Sasa angalia mlichonacho nyie. Juu wana maturubai na viti, Bondeni wana masufuria na majiko. Hakuna anayeweza kuzika kwa heshima bila mwenzake! Sherif ilibidi aende akazibe bomba kwa gunia ili apate hali kama hiyo, nyie mmeipata bure mnaiacha kwa panya.

Kabla sijaenda huko, hilo la "bora lioze" nalo lina mtu aliyeliangalia. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland, alikamatwa vitani na Wajerumani, vita ilipoisha akarudi akakuta karibu ndugu zake wote wameuawa, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kuuliza chuki ya makundi inaanzaje. Akiwa Bristol, Uingereza, alichukua vijana wa shule wa miaka 14 na 15 akawagawa kwa upuuzi kabisa, ati hawa wamependa michoro ya Klee, wale ya Kandinsky, wachoraji ambao hata hawakuwa wanawajua. Akawaambia wagawie wenzao hela, wao wenyewe hawapati kitu. Wakapendelea wa kundi lao, hilo tungelitegemea, ila wengi walikuwa tayari kundi lao lipate hela pungufu ilimradi tofauti na lile jingine iwe kubwa. Sisi tuna neno, kijicho, lakini kijicho cha kawaida ni cha mtu kwa mtu, hiki ni kijicho cha upande. Mnalipa kukodi masufuria mtaa wa pili ili mtu wa Bondeni asipate hela ya kukodisha, na ukimuuliza mwanachama anakwambia tunalinda heshima. Ndo hivo, kikundi kikishakuwa sehemu ya wewe ni nani, kushindwa kwake unakusikia mwilini. Mwenyekiti wako usimuone shetani, huyo mama bila kikundi ni mama wa kawaida kama mimi na wewe, akiwa mwenyekiti anatafutwa, anasimama, anapewa kiti cha mbele. Ukienda kumwambia "ulikosea" mbele za watu atakufa na turubai lake.

Kwa hiyo usianze na arusi ya binti yako. Arusi ina mwenyewe, ina sare, ina meza ya mbele, Bondeni wakija watakuwa wageni kwa Juu na nani akae wapi itarudisha yale yale. Anza na msiba. Msiba hauna sare. Wazo liwe dogo mpaka mtu aone aibu kulikataa: vyombo vya msiba havina upande. Basi. Shughuli, arusi, unyago, kila mtu na vyake kama mlivyo, ila mtu akifa mtaani turubai linatoka na masufuria yanatoka, akiwa Juu, Bondeni au hayupo kokote. Hapo hamna anayemsaidia mwenzake, na hilo ni la muhimu kuliko linavyoonekana, maana mwaka huo huo wa 1954 msomi mwingine, Gordon Allport, aliandika kwamba watu kukutana kunapunguza chuki pale wanapokutana wakiwa sawa. Mkiwapelekea turubai kama sadaka mtawaongezea uchungu. Likienda turubai na yakaja masufuria, hapo mko sawa sawa.

Nani alisemee? Si wewe, wewe una dada kule, watasema umetumwa. Na si mjumbe wala serikali ya mtaa, hawa wakiingia watu wanaanza kutafuta haki zao na daftari la michango la 2016 litafufuka. Muuza chapati! Mwanangu umemuweka kwenye barua kama kichekesho, mi naona ndo mtu pekee aliyefanya kazi siku ile. Wazee wetu hawakusoma Asch wala Sherif ila walikuwa na utani, Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, watu wanashuka Pwani kutoka bara na mizigo, wageni kwa wenyeji, mahali pazuri kabisa pa kuuana, wakajitengenezea ruhusa ya kuambiana ukweli bila kununiana. Mtani anaweza kumwambia mwenyekiti wako "umeninyeshea maiti" na mwenyekiti akacheka, wewe ukisema maneno hayo hayo umetukana. Nenda kanunue chapati, mpe habari, muombe msiba ujao aje aendelee pale alipoishia, tena awasute pande zote mbili, asiache masufuria, na siku hiyo nyie wanne mseme "mama kasema kweli" kwa sauti, wa kwanza wewe.

Kuhusu yule wa skrinishoti. Sherif mwaka mmoja kabla ya Robbers Cave alijaribu jambo hilo hilo kambi nyingine, jimbo la New York, likamshinda. Kosa lake aliwaacha watoto wafahamiane kwanza ndo akawagawa. Wakubwa wakawa wanawaharibia vitu kisirisiri ili washukiane, watoto wakakaa wakaulizana, we ulifanya? hapana, we? hapana, wakaanza kuwashuku wakubwa wenyewe. Nyie mlikuwa marafiki miaka saba kabla ya ile sare. Mkiulizana uso kwa uso "wewe ulisema hivi?" nusu ya hizo skrinishoti zitakufa, maana nyingi zimekatwa juu na chini, mnasoma katikati tu. Msimfukuze huyo mama, atakuwa ameshazoea kuwa wa maana kote kote. Msimpe kazi tu.

Mumeo kasema ugomvi wa wanawake unaisha wenyewe. Msalimie, mwambie na wa Simba na Yanga tunausubiri.

Limebaki la dada yako, na hili halisubiri msiba wala mtani wala Desemba. Nenda wiki hii, peke yako, bila zawadi, zawadi itafanana na rushwa. Usiongelee Juu na Bondeni, usimwambie mwenyekiti kasema nini. Mwambie mawili tu. La kwanza, siku ya shughuli ile nilikuona ulivyosukuma sahani chini ya kiti, nami nilikuwa meza ya mbele na sikuinuka. La pili, asubuhi ya msiba ufunguo nilikuwa nao. Atasema maneno, mwache aseme, inawezekana akakufukuza, ukifukuzwa rudi siku nyingine. Ile ya turubai ni ya Aprili lakini ya sahani ina umri zaidi, na kwa nilivyokusoma hakuna mtu wa Juu aliyewahi kuitaja kwake hata siku moja. Mnaongea turubai, yeye anaongea sahani.

Ukitoka kwake pita kwa fundi uchonge ufunguo wa pili wa hiyo stoo. Usimpe dada, watakusulubu. Waambie kwenye grupu kabisa, mchana kweupe, mi asubuhi nakuwa na maandazi, mtu akipata msiba nisipokuwepo ufunguo mwingine uko kwa mama chapati.

Shangazi